Risasi Iliyokuwa Safarini

Alhamisi moja mchana fundi wa kufuli alikuwa anachonga ufunguo wa kabati la dawa, na mwuguzi mwenye kabati hilo alikuwa amesimama mbele ya kaunta akitazama saa. Tupa ndogo haikuwa kwenye ndoano yake. Fundi akavuta droo ya tatu ya benchi, ile inayokwama, akaiona tupa chini ya karatasi za msasa, na juu ya karatasi hizo bastola yake. Akainyanyua ili aisogeze kando. Kidole chake kikaingia mahali ambapo yeye mwenyewe, kila Jumamosi, aliwafundisha wateja wasiweke kidole.

Mlio ulikuwa wa kawaida. Ganda liliruka, likaanguka kwenye kopo la misumari. Risasi nayo ilitoka kwenye mtutu, ikaenda kiasi cha shubiri moja, kisha ikakaa hewani, usawa wa kifua cha mtu aliyeketi.

Mwuguzi aliitazama, halafu akamtazama fundi.

"Ufunguo wangu bado?"

"Yamebaki meno mawili."

"Basi malizia. Zamu yangu inaanza saa nane."

Akamalizia. Mwuguzi alipoondoka, fundi aliiendea risasi na kuigusa kwa ncha ya bisibisi. Ilikuwa ya moto bado, na haikutikisika. Kwanza alidhani imesimama. Jioni, alipokuwa anafunga duka, akaona imesogea kidogo kuelekea ukutani, na siku ya pili kwa saa ileile ilikuwa imetembea upana wa kidole gumba.

Mtaani walimwita Kifungu, kwa sababu hakuweza kumuuzia mtu hata kufuli la baiskeli bila kumtajia kifungu cha sheria. Alikuwa na kibali cha kufunga sefu kwa watu wenye leseni za silaha, na aliifanya kazi hiyo kwa maneno mengi kuliko bolti. Aliwaambia wateja kwamba kila bastola ina risasi mpaka uhakikishe kwa macho yako kuwa haina, na hata ukishahakikisha, ishike kana kwamba inayo. Aliwaambia sefu ifungwe ukutani, risasi zikae kwenye kisanduku chake mbali na silaha, na ufunguo ashike mwenye leseni peke yake. Si mke, si ndugu, si mtu wa kuaminika. Wateja walimsikiliza kama wanafunzi. Alisema vizuri.

Yeye mwenyewe hakuwa na sefu. Au niseme alikuwa nazo kumi na mbili, zote za kuuza. Kila mwaka, ukaguzi ulipokaribia, aliifunga moja ukutani, akaweka bastola humo, mkaguzi akaja, akaona, akagonga muhuri. Wiki iliyofuata mteja akaja kuitaka sefu ileile, na bastola ikarudi droo ya tatu, risasi ndani ya chemba.

"Mwizi hapigi hodi," alimwambia dada yake, mtu pekee aliyejua jambo hilo, maana ndiye aliyemshikia taa wakati wa kufungua bolti.

"Na mganga hajigangi," dada yake alimjibu, akarudi kwenye cherehani.

Dada huyo aliishi nyuma ya ukuta. Nyumba ilikuwa ya baba yao. Baba alipofariki, dada alimwachia mdogo wake upande wa barabarani, kwa kuwa biashara inataka mlango wa nje, naye akabaki na chumba cha nyuma chenye dirisha moja. Hapo dirishani ndipo ilipokaa cherehani. Alishona sare za shule tatu, na ni sare hizohizo zilizompeleka Kifungu chuo cha ufundi miaka miwili. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Mbali na dirisha hakuweza kutunga uzi kwenye sindano.

Mkaguzi wa silaha alikuja Jumatatu, kwa sababu mlio ulisikika na sheria inataka kila mlio uandikwe. Alikuwa mwanamke mrefu, mtulivu, mwenye futi ya chuma kiunoni. Alipima kutoka benchi hadi ukutani, akapima unene wa ukuta, akazunguka nyuma, akamwamkia dada, akapima kutoka ukutani hadi kwenye kiti chake. Kisha akakaa juu ya sefu moja na kupiga hesabu.

"Siku mia moja na ishirini na sita tangu ilipotoka," alisema. "Inamkuta fundi cherehani hapa." Akajigusa kifuani, upande wa kushoto.

"Siwezi kuizuia?" aliuliza Kifungu.

"Kuna Fomu ya Saba." Akaitoa. Ilikuwa karatasi moja yenye maswali matatu: silaha ilihifadhiwa wapi, chemba ilikuwa na risasi au tupu, kidole kilikuwa wapi. "Ukijaza kweli, inaanguka. Mwaka juzi tulikuwa na moja, ya mzee mwenye ghala la mbao. Ilianguka kabla wino haujakauka. Ukijaza uongo, inaendelea. Mimi hapo sina uamuzi."

"Na nikijaza kweli, halafu?"

"Leseni inafutwa. Silaha unaisalimisha. Kibali cha kufunga sefu unarudisha, na jina lako linabandikwa ubaoni kituoni, pale mlangoni."

Kifungu alifikiri juu ya ubao ule. Kila mtu aliyefuata leseni alipita mbele yake, na wengi walikuwa wateja wake. Akachukua kalamu akaandika: kwenye sefu; tupu; nje ya kifyatulio. Mkaguzi alisoma, akainua macho kuitazama risasi iliyokuwa ikiendelea, akagonga muhuri.

"Fomu imejazwa sehemu zote," alisema. "Nakuachia nyingine tupu. Ina nafasi mpaka siku yenyewe."

"Lakini Afande, kwa sasa nina kosa?"

"Sheria inahesabu inapofika. Kabla ya hapo iko safarini."

Basi ikasafiri. Watu walizoea upesi. Wateja walijifunza kupita ubavu upande ule wa duka, na mwenye tumbo alichukuliwa kuwa na adabu zaidi. Kinyozi wa jirani alileta kiti chake kila asubuhi, akanywa chai akiitazama, akasema inatembea kama mwendo wa shemeji yake akitumwa. Kifungu alijaribu kuizuia kwa ubao wa mninga, ikatoboa. Akajaribu bamba la chuma, ikatoboa. Mwishowe akaburuta sefu nzito kuliko zote, yenye kuta za tabaka mbili, akaipandisha juu ya matofali na kuiweka njiani. Risasi iliingia Jumanne. Ilikaa humo wiki nzima na zaidi.

Dada alikuja kutazama, mikono nyuma, tepu ya kupimia shingoni.

"Angalau sasa," alisema, "kuna risasi ndani ya sefu yako."

Kinyozi alicheka mpaka chai ikampalia. Kifungu hakucheka. Kinyozi alipoondoka, dada alibaki.

"Mdogo wangu, andika tu ulipoiweka."

"Dada, ni jambo la kisheria. Si jepesi kama unavyoliona."

"Maswali matatu."

"Nitapoteza kibali. Nitakula nini? Watu watasema nini, mimi niliyewafundisha?"

"Watasema uliiweka kwenye droo."

Kifungu akasema lile ambalo baadaye alitamani angelimeza: "Sogea kidogo, Dada. Nusu mita tu. Sogeza kiti."

Dada aliutazama ukuta kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Nilisogea baba alipofariki," alisema. "Nilisogea ulipoleta mashine ya kuchongea, kwa sababu ya kelele zake. Huko nyuma pamebaki dirisha tu."

Risasi ilitoka kwenye sefu, ikaacha tundu safi kila upande, ikaingia ukutani. Siku sita haikuonekana, na katika siku hizo Kifungu alifanya kazi kwa furaha, hata akaimba kidogo, akauza sefu mbili pamoja na mafunzo. Siku ya saba alisikia cherehani ikinyamaza. Akazunguka nyuma. Risasi ilikuwa imechungulia kwenye plasta, na dada alikuwa anafagia vumbi lililoanguka juu ya sketi za buluu.

Aliendelea kushona akiikabili. Alisema inamsaidia kujua tarehe. Wazazi waliokuja kuchukua sare waliuliza itafika lini, akawaambia, wakawahi kuleta vipimo vya watoto. Mmoja alishauri akalalamike kituoni. Alikwenda. Kituoni walimweleza kwa upole kwamba lalamiko la jeraha linahitaji jeraha, wakampa kiti na maji ya kunywa.

Kila siku, dada alipokuja kuazima mafuta ya mashine, alimkuta Kifungu ameitandaza fomu mbele yake. Kila siku aliondoka na mafuta tu.

Siku ya mia moja na tisa alileta mkokoteni. Alipakia cherehani, pasi, marobota mawili ya kitambaa na godoro. Alikuwa anahamia kwa binti wa shangazi yao, mbali, mahali ambapo shule zilikuwa na mafundi wao. Kifungu alimsaidia kukaza kamba. Alijua kufunga mizigo.

"Ulipokuwa mdogo," dada alisema, akiujaribu mkazo wa kamba kwa kidole, "ukivunja kikombe ulikuwa unakimbia kuja kuniambia. Hata kabla sijasikia kimevunjika. Sijui nani alikufundisha haya mengine."

Alitaka kumjibu. Alikuwa na jibu zuri, lenye kifungu ndani yake. Mwenye mkokoteni akasema jua linapanda, nao wakaondoka.

Wiki iliyofuata mkaguzi alirudi kwa ukaguzi wa mwaka. Kifungu alimwonyesha sefu iliyofungwa ukutani kwa bolti nne, mpya kabisa. Mkaguzi alihesabu risasi kwenye kisanduku.

"Kumi na nne. Na moja iliyo chumba cha nyuma, kumi na tano. Hesabu imetimia." Akagonga muhuri. Alipokuwa anafunga begi lake aliongeza, bila kumtazama, "Fomu bado unayo?"

"Ninayo."

"Sawa."

Siku ya mia moja na ishirini na sita ilikuwa Jumatano. Kifungu alichukua kiti cha dukani, akaenda chumba cha nyuma. Hakikuwa na kitu, ila vipande vya uzi sakafuni na alama nne za miguu ya cherehani kwenye saruji. Aliweka kiti pale pale pa dada, akaketi. Mwanga wa dirishani ulikuwa mzuri. Hakuwahi kujua ulivyo mzuri. Risasi ilikuwa mbele yake, ndogo, imechakaa kidogo kwa safari, na alipovuta pumzi kifungo cha shati kiliigusa.

Akatoa fomu, akaiweka gotini. Akaandika kwenye swali la kwanza: *Niliiweka kwenye*.

Risasi ikashuka. Ilishuka kiasi cha unene wa uzi, lakini aliiona wazi, maana ilikuwa karibu na macho yake kuliko ilivyowahi kuwa. Aliishika kalamu vizuri. Neno lililobaki lilikuwa fupi. Akamfikiria dada yake kwa binti wa shangazi, amekaa kwenye kona isiyo na dirisha, ananyoosha uzi mbele ya macho yake, anakosa tundu, ananyoosha tena.

"Hodi humu," sauti iliita kutoka dukani. "Fundi yupo? Tumeelekezwa kwako. Leseni zimetoka leo, tunataka sefu mbili, na tumeambiwa unafundisha vizuri."

Kifungu alisikiliza. Walikuwa wawili. Mmoja alikuwa anagonga mlango wa sefu kwa vidole, akisifu chuma.

"Nakuja," alisema.

Akakunja fomu, akainuka, akakisogeza kiti upande, kama nusu mita. Risasi ikapanda ule unene wa uzi, ikaendelea.

Siku ile alifundisha vizuri kuliko siku zote. Mmoja wa wateja aliandika kila neno kwenye daftari.

Jioni alichukua futi, akarudi nyuma, akapima kutoka mahali ilipo hadi ukuta wa pili. Halafu akatoka, akazunguka nyumba, akabisha hodi kwa jirani wa upande huo, mwalimu mstaafu aliyeishi peke yake na magazeti yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Kifungu. Ingia. Nimekuwa nikiitazamia habari yako."

Kifungu aliomba ruhusa, akapima kutoka ukutani hadi kwenye meza ambayo mwalimu alisomea kila asubuhi. Akapiga hesabu kwenye kiganja.

"Mwezi wa tisa, Mwalimu. Wiki ya tatu, katikati."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Hakuuliza habari za fomu. Alijua, mtaa mzima ulijua. Alimtazama Kifungu kwa muda, kama anavyotazamwa mwanafunzi ambaye jibu liko mdomoni mwake, na akasubiri. Nje mtu alikuwa anapiga deki. Kifungu aliiangalia futi yake, akaivuta kidogo, akaiachia ikajirudisha yenyewe.

"Basi nadhani ni mimi wa kusogea," alisema mwalimu.

"Ingekuwa vizuri, Mwalimu. Kwa usalama."

"Meza ni nzito."

"Nitakusaidia," alisema Kifungu, akapiga magoti, akaangalia kwanza kama droo za meza zimefungwa, kisha akashika upande wake.