Seng'enge Iliyokatwa

Jioni ya kabla ya theluji, Murdo, jirani wa bonde la chini, alikuwa amempigia Noeline simu. "Washushe kondoo wako, mama. Wingu hili silipendi."

Redio ilitabiri mvua tu. Noeline akajisemea, huyu anamezea mate malisho yangu ya juu. Akawaacha kondoo hukohuko.

Theluji ikaanguka kwa muda wa saa nne tu, kabla ya mapambazuko. Ilitosha kulaza nguzo za umeme na kufunga barabara. Noeline akapanda mlima, theluji ikimfika mapajani, pamoja na Moss, mbwa pekee eneo lile aliyejua kunusa kondoo aliyefukiwa. Juu kulikuwa na kondoo themanini wenye mimba. Wakifa hao, na shamba limekwenda.

Hakukuta hata mmoja. Seng'enge ilikuwa imekatwa, na njia pana iliyokanyagwa kwa miguu ikashuka hadi kwa Murdo. Huku Otago, kwenye milima ya wafugaji wa kondoo, unaweza kumtukana mtu akakusamehe, lakini usiguse seng'enge yake.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Noeline alimwambia mbwa.

Aliwakuta uani kwa Murdo, wanatafuna nyasi kavu. Murdo alikuwa ameegemea sepetu, amelowa hadi kiunoni.

"Umekata waya wangu."

"Nimekata. Simu zimekufa, ningekuulizaje?"

Noeline akaingia katikati ya kondoo, akamshika sikio mmoja, kisha wa pili, akitafuta kama alama yake ya umiliki imekatwa upya. Wezi wa mifugo ndivyo wafanyavyo. Mke wa Murdo alileta chai, akaikataa. Murdo aliutazama mlima, akamtazama Moss, akanyamaza. Noeline aliuona ukimya ule, akausoma kuwa ni hatia. Akazidi kukagua polepole.

Themanini. Wote wake, na alama zote ni zilezile.

Hata hivyo moyo haukutulia. "Wa kwako umewaficha wapi?"

"Wako korongoni. Upepo umewarundikia theluji. Nilianza na wako, maana hao walikuwa bado wanaonekana."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unakagua masikio. Nikasema nikuache umalize, ndipo nikuombe Moss."

Noeline alihisi aibu ikimpanda shingoni. Alichukua sepetu mkononi mwa Murdo, akampigia mbwa mluzi, akaanza kukimbia kuelekea korongoni. Jua lilikuwa limeshapanda, na masikio yale yalikuwa yamekula saa nzima.