Njia ya Bustani Iliyohamia kwa Fundi

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, fundi cherehani alikunja mkeka, akasogeza meza ya kukatia nguo katikati ya chumba, akaenda kumwamsha dada yake. Dada mkubwa alikuwa ameamka zamani. Alikaa kitandani na viatu miguuni, mkongojo mapajani, akimalizia sala.

"Leo utazunguka mara ngapi, dada?"

"Mara moja. Na hiyo moja ni kwa heshima yako."

Alikuwa amevunjika nyonga mwaka uliopita, katika bustani ya manispaa iliyo ng'ambo ya barabara. Alikwenda kutembea jioni, mtu akatoka nyuma ya benchi la tatu, akamnyang'anya mkoba na kumsukuma. Mfupa uliunga vizuri, lakini tangu siku hiyo hakuvuka kizingiti cha mlango. Daktari wa viungo hakumung'unya maneno: atembee nusu saa kila siku, la sivyo mguu utakakamaa na hautanyooka tena. Alimpa miezi mitatu. Zilikuwa zimebaki wiki tano.

Kuzunguka meza kulimpa kizunguzungu. Kwa hiyo jioni hiyo fundi alichukua chaki na futi yake ili amchoree njia pana zaidi, kutoka kabatini hadi ukutani. Alikuwa amekata magauni miaka ishirini na miwili, na mkono wake haukumuuliza. Fundi hachori mgongo mzima wa gauni. Huchora nusu, huiweka kwenye mkunjo wa kitambaa, na kitambaa kikifunguliwa nusu ya pili huwa ipo. Alichora nusu ya njia, akaifikisha ukutani, na chini ya ukuta akaandika kama anavyoandika siku zote: MKUNJO. Ndipo akaona alichofanya. Akacheka peke yake, akaona uvivu kufuta, akaenda kulala.

Asubuhi ukuta ulikuwa umefunguka na nusu ya pili ilikuwepo. Ilikuwa njia ya bustani yenyewe, mita mia mbili za changarawe nyekundu, nyasi zenye umande pande zote mbili, benchi la tatu, na nguzo moja ya taa. Jirani wa upande ule alipoulizwa alisema jikoni kwake hakujapungua kitu, ila kunanukia majani.

Dada mkubwa alisimama akiegemea mkongojo. "Utaifagia na nini hiyo?"

"Ufagio wa nje."

"Na giza lile kule mwisho?"

Taa za bustani zilikuwa hazijawaka kwa miaka minne. Tangazo la manispaa lilisema mtambo mzima umeharibika na mtaalamu anasubiriwa. Fundi alipanda ngazi, akafungua kioo, akatoa balbu iliyoungua, akaweka ile aliyokuwa ameihifadhi kwa ajili ya chumba. Taa ikawaka.

"Balbu tu?" aliuliza dada mkubwa.

"Balbu tu."

Mwanga ukamwonyesha mtu nyuma ya benchi. Alikuwa amekuja pamoja na benchi, na sasa alikuwa amejikunyata, kiganja machoni. Fundi alishuka ngazi. Alikuwa na mkasi mkononi, kwa sababu koti la shule lilikuwa linamsubiri mezani.

"Shikamoo, mama," yule mtu alisema.

"Marahaba," dada mkubwa akaitikia. Alikuwa ameshaanza raundi yake kwenye changarawe. "Mkoba wangu ulikuwa wa kahawia."

"Naukumbuka. Zipu yake mbovu."

"Mbovu kweli. Kitabu changu cha sala kilikuwa ndani."

"Nilikitupa."

Dada mkubwa alimtazama usoni, jambo ambalo mara ya kwanza hakupata nafasi ya kulifanya. Alikuwa mtu mfupi kuliko alivyokuwa akimwota.

"Mlango uko wapi?" yule mtu aliuliza. "Hapa mwanga umezidi."

"Pita chumbani," dada mkubwa alimwambia. "Ufute miguu."

Alifuta miguu, ingawa alikuwa anatoka, akaenda zake. Dada mkubwa akamaliza raundi aliyoianza. Kisha akaanza nyingine, na kila raundi akasema shukrani moja. Siku hiyo alishukuru mara nne.

Habari ilienea. Akaja mwalimu mstaafu mwenye sukari, akaja fundi viatu na mgongo wake, wakaja akina mama na watoto mgongoni. Walizunguka huku cherehani ikilia.

"Mzee, wewe unatembea au unasubiri basi?" mama mmoja alimtania mwalimu.

"Nasubiri unipishe, mjukuu wangu. Umejaa njia nzima."

Wiki ya nne alikuja bwana bustani wa manispaa na futi ndefu. Bustani ilikuwa imepungua mita mia mbili za njia. Alipima chumbani kwa fundi, akazipata zote.

"Kuna sentimita moja na nusu imezidi," alisema.

"Nafasi ya mshono," fundi alijibu.

Aliandika. Kisha akatoa fomu nyingine, akaijaza akiwa amekaa kwenye benchi. Njia: ipo. Taa: inawaka. Usalama: mzuri. Wanaofanya mazoezi: kumi na tisa kwa siku. "Miaka minne najaza hii kwa kubahatisha," alisema. "Leo nimeijaza kwa haki."

"Na zile taa kumi na moja zilizobaki kule?" fundi aliuliza. "Zinataka balbu tu."

"Hapa wanauliza kama taa inawaka." Alimwonyesha mstari. "Hawaulizi ngapi." Akazunguka mara moja, akaomba maji, akaondoka.

Siku ya mwisho ya miezi mitatu, daktari alikunja mguu wa dada mkubwa, akaukunjua, ukanyooka wote. Aliuliza anatembelea wapi.

"Bustanini."

Daktari alifurahi. Aliandika kwenye faili kwamba atawashauri na wengine waende.

Jioni hiyo dada mkubwa alitundika mkongojo kwenye msumari wa futi na mikasi, akatembea mikono mitupu. Raundi ya kumi alisimama dirishani. Ng'ambo ya barabara wanawake waliotoka kazini walikuwa wanapita kando ya bustani nusu wakikimbia, mikoba kwapani, hakuna taa hata moja.

"Njooni huku," aliwaita. "Mlango uko wazi."

Wawili walivuka. Wengine walikuwa wanawahi nyumbani, wakaendelea kukimbia. Dada mkubwa aliwasogezea wageni ndoo ya kunawia, akaanza raundi ya kumi na moja.