Chuma cha Darasa la Nane

Tsuma wa Gazi alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na hakuwa mtu wa kubabaishwa na habari za mapepo. Lakini Mbeyu, binti yake wa pekee, alipoanguka darasani akipiga mayowe hadi sauti ikamkauka, hata yeye aliingiwa na hofu.

Watu walivilaumu vile vyuma. Mradi ulikuwa umekuja kuikinga shule na tetemeko la ardhi, ukafunga vyuma vya mshazari kati ya nguzo za kila darasa. Injinia Swafwan aliwaeleza wazazi mkutanoni kwamba ardhi ikitikisika, vyuma hivyo vitateleza kidogo pale kwenye viungo vya bolti, visuguane, vizimeze nguvu ambazo zingevunja nguzo. Wazazi waliitikia vizuri, wakala pilau, wakaenda zao. Tetemeko lenyewe nani aliwahi kuliona Gazi?

Ikawa kila jua likipanda, chuma cha darasa la nane kinalia. Mlio mwembamba tu, kama wa bawaba isiyotiwa mafuta, lakini wasichana wakasema kuna mwanamke ukutani. Baada ya Mbeyu akaanguka Yusra, kisha dawati zima la nyuma. Kikasomwa kisomo, ukafukizwa ubani, watoto wakanyweshwa kombe la aya zilizooshwa kwa maji, chuma hakikunyamaza. Wazazi wakaanza kuwatoa mabinti zao, na shangazi yake Mbeyu akataka kumpeleka kwake Mkongani akamsaidie kulima. Hilo lilimkata maini Tsuma. Alikuwa ameapa mtoto yule atasoma hadi achoke mwenyewe.

Jumamosi akabeba mashine yake hadi kwa Mwalimu Muhsina, mkuu wa shule, kuomba ruhusa ya kukichomelea kile kiungo kisicheze tena. Mwalimu akasitasita, akamkumbusha maneno ya injinia.

"Mwalimu, injinia yuko Mombasa," Tsuma akamwambia kwa upole. "Watoto wako hapa."

Akakichomelea kikawa kitu kimoja, akakipaka rangi. Jumatatu jua likapanda, chuma kimya. Mbeyu alikuwa bado anaogopa; baba yake akamshika mkono hadi mlangoni pa darasa. Hakuanguka yeye wala mwenzake, na kina mama wakawa wanamwombea Tsuma dua kila wakimwona. Alijiona mtu, na kwa nini asijione?

Tetemeko likaja Alhamisi asubuhi. Tsuma, akiwa karakanani ng'ambo ya barabara, alivisikia vyuma vya shule nzima vikilia kwa pamoja. Kisha kikafuata kishindo. Alipofika, madarasa mengine yote yalikuwa yamesimama, yamebanduka lipu tu, na watoto walikuwa wakimiminika nje. La nane lilikuwa limelala chini. Pale alipochomelea palikuwa pazima kabisa. Nguzo ndiyo iliyokatika.

Mbeyu alizikwa alasiri ya siku ileile.

Kesho yake Swafwan akaja. Akainama kwenye kifusi, akapapasa ule mshono chini ya rangi, akauliza ni nani aliyechomelea hapa. Wale kina mama waliokuwa wakimwombea dua wakatazama miguu yao. Mwalimu Muhsina akaanza kusema kwamba ruhusa aliitoa yeye, lakini Tsuma akasogea mbele.

"Ni mimi," akasema. "Nilitaka mwanangu arudi darasani."