Matofali Yasiyochomwa

Kaimu alikuwa amechoma matofali Nachingwea kwa miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hajui kazi yake. Nyumba nyingi za mtaani kwao zilitoka mikononi mwake. Lakini kufikia mwaka 2002 kuni zilikuwa kero. Zamani alikata miti nyuma tu ya tanuru lake. Sasa alikodi lori likazifuate mbali, upande wa Narung'ombe, na msimu ule lilirudi na vijiti vya kuchemshia chai.

Mkewe, Zaina, ndiye aliyeleta habari za darasa.

"Kwenye kituo cha elimu ya watu wazima wanafundisha matofali ya kushindilia kwa mashine. Hayachomwi. Nenda."

"Nikafundishwe matofali? Mimi?"

"Wewe. Au unangoja miti ikufuate huku?"

Alikwenda huku amenuna. Mwalimu alikuwa binti kutoka Iringa, jina lake Makrina, rika la kitinda mimba wake. Alimwamkia kwa adabu, kisha akampa rula apime kina cha kalibu, lile sanduku la mashine linaloshindilia udongo. Kusoma Kaimu alijua kidogo, ila vile vistari vya milimita vilimchanganya. Alihesabu, akakosea, akahesabu tena. Wenzake walipocheka, masikio yake yaliwaka moto. Kesho yake hakuonekana darasani, wala keshokutwa.

Siku ya tatu Makrina alipiga hodi nyumbani kwake.

"Shikamoo baba. Umetukimbia."

"Marahaba. Mwalimu, vistari vile si vya umri wangu."

"Vistari nitakufundisha kwa siku mbili. Mimi ni mgeni hapa. Udongo wa huku nani atanifundisha?"

Kesho yake Kaimu alivaa viatu. Akarudi.

Wiki iliyofuata darasa lilitengeneza matofali mia moja kwa kipimo cha kitabuni, udongo ndoo kumi na mbili kwa saruji ndoo moja. Waliyapanga kivulini na kuyanyunyizia maji kila siku. Siku ya tano yalikuwa yamepasuka karibu yote. Makrina alisimama mbele ya matofali hayo, akapekua kitabu upya.

Kaimu alichota udongo uliobaki, akaulowesha, akausugua kiganjani.

"Huu unanata mno, mwalimu. Ni udongo wa kufinyangia vyungu. Ukikauka unajikunja."

Waliutia kwenye chupa ya maji, wakaitikisa, wakaiacha itulie. Mchanga ulikaa chini, tabaka lisilozidi unene wa kidole. Juu yake kulikuwa na tope tupu.

"Tufanyeje, baba?"

Akawapeleka kwenye korongo lililokauka, wakachota mchanga. Walichanganya, wakashindilia upya, wakangoja wiki nzima. Safari hii hakuna tofali lililopasuka. Makrina aliandika kipimo kipya ubaoni, na pembeni yake akaandika jina la Kaimu. Mzee alijifanya anatafuta kitu mfukoni, maana macho yalikuwa yamemlowa.

Mwaka uliofuata hakuwasha tanuru. Alikwenda Ruangwa na tofali moja la mfano, ambako Dismas, mfanyabiashara aliyehamia kutoka Moshi, alitaka kujenga ghala la ufuta. Dismas aliligeuza tofali mkononi, akaguna.

"Mzee, hili bichi. Mvua ya kwanza ufuta wangu utaogelea."

Kaimu hakubishana. Alilizamisha kwenye ndoo ya maji mbele yake, akaenda zake kusali adhuhuri. Aliporudi alasiri alilitoa, akaliweka chini, akapanda juu yake kwa miguu miwili. Dismas akamwomba ashuke, akapanda na yeye, na kitambi chake chote.

"Haya," alisema, "anza Jumatatu."

Masika yale yalikuwa makali, na ghala lilisimama. Wachoma matofali wawili kutoka kijiji cha Likunja walikuja kulipapasa kuta, wakauliza darasa liko wapi.

Mwaka 2005 kituo kilitangaza mafunzo ya kuvuna maji ya mvua. Kaimu alikuwa na miaka hamsini na tisa. Aliandika jina lake juu kabisa ya orodha, na chini yake akaandika la mkewe bila kumwuliza. Zaina alimgombeza jioni nzima. Siku ya kuanza, jua halijakolea, alikuwa tayari mlangoni na kanga mpya, anamhimiza mumewe avae viatu wasichelewe.