Mota Tuliyoiita Mkunga

Umeme wa mtaa wetu una fezi moja, nayo huja ikijisikia. Baba mdogo, mkerezaji wa vyuma, alilijua hilo vizuri sana siku alipouza mashine yake ndogo ya kukerezea akanunua dude linalotaka fezi tatu. Shirika la umeme likamwambia asubiri nguzo za fezi tatu. Akasubiri miaka miwili, kwa heshima zote.

Mwishowe akachukua mota kuukuu, akaiunga kwenye fezi yetu moja. Mota ya namna hiyo haianzi yenyewe. Unazungushia kamba kwenye puli, unavuta kwa nguvu, mwenzako anawasha swichi, nayo inashika mwendo na kuizalia mashine fezi zilizokosekana. Tukaibatiza Mkunga.

Asubuhi ya majaribio alikuja mwenye kiwanda cha kukoboa nafaka, na mpagazi kabeba shafti, mhimili wa mashine yake. Ikikerezwa vizuri, kazi zote za kiwanda zingekuwa za baba mdogo. Ikishindikana, angerudi kuomba kibarua kwa bosi wake wa zamani, ambaye yeye mwenyewe alimuaga kwa mbwembwe na hotuba.

Bega la baba mdogo lilikuwa limeteguka kwa mazoezi ya kamba.

"Nivutie, shemeji," alimwambia kaka wa mkewe, mjomba wetu.

"Kakamba haka? Mimi nimevuta ng'ombe dume!"

"Ng'ombe ndiye aliyekuvuta wewe," mama mdogo alisema mlangoni.

Mjomba alikuwa amevaa shati jeupe. Akaikwepa grisi, akasimama upande wa pili wa mota, akazungusha kamba, akavuta. Baba mdogo akawasha. Mkunga akanguruma. Tukapiga makofi, nami nikatoa saluti ya gwaride la shule.

Hakuna aliyekumbuka kwamba mota hiyo huzunguka upande ilikovutiwa, na umeme wake hufuata upande huohuo. Baba mdogo alipoiwasha mashine, ikazunguka kinyumenyume. Kichwa chake kinachobana chuma kimekazwa kwa hesi tu. Kikajifungua kama kifuniko cha chupa, kikadondosha kilo zake arobaini juu ya kitanda cha mashine, msingi wake unaotakiwa kunyooka kama rula. Kitanda hicho ni chuma cha kusubu, hakibonyei. Kilipasuka.

Mwenye kiwanda aliutazama ufa, akamwashiria mpagazi abebe shafti.

"Pole, fundi."

"Si kinachomelewa?" mjomba aliuliza.

"Kinachomelewa," baba mdogo alijibu. "Kunyooka ndiyo basi tena."

Mkunga aliendelea kunguruma, na hakuna aliyemzima. Baba mdogo akatafuta chaki, akapiga magoti, akachora kwenye ganda la mota mshale wa upande unaotakiwa kuvutiwa. Akautazama. Kisha akaukoleza.