Kunyoa Bila Watani

Mvua kubwa za mwisho wa mwaka wa tisini na saba zilipoleta kipindupindu, kitongoji cha kina Felista, mlimani juu ya Mlali, kilifungwa. Mgambo waliweka gogo njiani, na hakuna aliyeruhusiwa kushuka sokoni wala kupanda kutoka huko. Mboga za Felista ziliozea shambani. Mumewe, Bartholomeo, alishazoea kukaa bila kazi. Tangu kiwanda cha nguo mjini kilipobinafsishwa na yeye kupunguzwa, alikuwa amerudi mlimani kukaa kwenye kigoda na kutazama miguu yake.

Karantini ndiyo iliyomwinua. Alichimba choo kipya, akaziba paa, akafunga kandambili za mke wake kwa waya. Kisha, kwa kuwa kinyozi alikuwa upande wa pili wa gogo, alichukua mkasi wa kushonea na kitana, akamwita binti yao, Witness, aliyekuwa darasa la sita.

"Baba, umewahi kunyoa mtu?"

"Nimetengeneza mashine za kufuma. Kichwa chako kitanishinda?"

Kilimshinda. Witness alijitazama kwenye kioo, akarudi akicheka mpaka akakaa chini. "Umenilimia matuta, baba." Felista naye akacheka, na Bartholomeo akacheka mpaka akafuta macho. Felista hakukumbuka ni lini alimsikia akicheka hivyo.

Kichwa cha pili kilikuwa afadhali. Majirani wakaanza kuja, mmoja leo, watatu kesho, wakakaa chini ya mfenesi kungoja zamu. Bwana afya alikuwa amekataza mikusanyiko, lakini hawa walikuwa majirani tu, watu wa kila siku. Kando ya kigoda palikuwa na ndoo ya maji ya kijito. Kila mtu alilowesha nywele humo, akanawa humo, na Witness akaijaza tena.

Asubuhi moja Witness aliamka akitapika na kuharisha. Bartholomeo alimkorogea maji ya chumvi na sukari kama redio ilivyofundisha, lakini hayakukaa tumboni. Walimbeba kwa machela hadi shuleni, palipofanywa kambi ya wagonjwa. Mzazi mmoja tu ndiye aliyeruhusiwa kuingia. Felista aliingia, Bartholomeo akasimama nje ya kamba iliyozungushiwa kambi. Jioni mkewe alitoka peke yake.

Watu wa afya ndio waliomzika Witness, wamevaa mabuti, wakanyunyizia kaburi dawa. Hapakuwa na matanga. Watani, ambao kwa desturi ndio wanaowanyoa wafiwa, walikuwa ng'ambo ya gogo.

Baada ya siku kadhaa Felista alitoka ndani na wembe.

"Tunyoe, Baba Witness."

"Watani wakija."

"Hatujui watakuja lini. Mtoto hawezi kungoja gogo liondolewe."

"Mimi sishiki wembe."

"Basi nitashika mimi."

Felista hakuwahi kunyoa mtu. Alimkata juu ya sikio, kisha kisogoni, na Bartholomeo hakushtuka.

"Ni ile ndoo," alisema. "Wote walichovya mikono mle. Na mimi ndiye niliyewaita."

Felista alitaka kumwambia si kweli. Alishindwa, kwa sababu naye alikuwa amewaza hivyo hivyo kule kambini, akiwa ameshika mkono wa mtoto.

"Sijui," alisema. "Bwana afya mwenyewe hajui. Inamisha kichwa."

Aliinamisha, mabega yakaanza kumtetemeka. Felista aliuinua wembe akangoja mpaka yalipotulia, ndipo akaendelea. Ilipofika zamu yake, alikaa chini akajinyoa mwenyewe kwa kupapasa, huku mumewe akimshikia kioo.

Siku chache baadaye alikuja Filomena, jirani yao. Mumewe alinyolewa chini ya mfenesi, naye alikuwa amefia kambini. Alisimama mbali kidogo na mlango. Hakumtazama Bartholomeo.

"Nimesikia mmenyoa," alimwambia Felista. "Nami nimebaki peke yangu."

Felista alimwekea kigoda. Bila kuambiwa, Bartholomeo alikoka moto, akachemsha maji, akayaleta mpaka katikati ya uwanja. Aliyaweka chini, akarudi jikoni.

"Yamechemka?" aliuliza Filomena.

"Yamechemka," alijibu Felista.

Ndipo Filomena alipovua kitambaa cha kichwa.

Gogo liliondolewa mwezi wa pili. Watani walipanda, wakamkuta Felista na mumewe wamekwisha kunyoa. Hawakutania. Walikaa nao, wakapika, wakaenda kupalilia kaburi. Bartholomeo aliwashukuru mmoja mmoja, kisha akashika jembe na kwenda shambani kwa mkewe, ambako hakuwa amelima hata siku moja tangu arudi kutoka kiwandani. Kunyoa hakurudia tena. Waliokuja kumwomba aliwaelekeza kwa Felista.