Gari Lililokatazwa Barabara

Jumamosi ya Wafu ilikuwa kesho yake, na ngano ya kupeleka kaburini, kama ilivyo desturi yetu siku hiyo, kwa marehemu mke wangu, Stoyanka, nilikuwa nimeshaichemsha. Lakini Krastyo, mkaguzi wa magari, alininyima stika.

“Mzee Rangel, shokapu zote zimekufa. Mjerumani aliyekuuzia kakupiga.”

“Mjerumani gani? Zimeuawa na mashimo ya meya wenu!”

“Sheria ni sheria, mzee. Gari hili lisionekane barabarani.”

“Lami mmekula, sasa mnataka na gari?”

Nikatii sheria. Asubuhi niliweka bakuli la ngano kwenye kiti cha gari, nikaendesha nikikatiza mashamba ya alizeti yaliyokwisha kuvunwa mpaka makaburini. Haikumwagika hata punje. Afadhali serikali ingezilima barabara zote.